Misalaba ya Ziwa Kisale: Je, Ni Ushuhuda wa Kristo?



Kuna neno linalosikiwa katika mahubiri ya vijana wetu: eti wankambo walimjua Kristo kabla ya wamisionari, kwa sababu kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale, walizikwa na misalaba ya shaba. Wengine wanajibu kwa hasira kwamba mambo yote ya wankambo yalikuwa ya Shetani. Mimi nauliza: je, ni haki kumtolea marehemu ushuhuda ambao yeye hakuutoa?

Tuangalie kwanza kilichoonekana. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimba makaburi ya Sanga. Mwaka 1958 Jean Hiernaux, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret. Waliona vyungu vizuri, majembe, mashoka na mapambo ya shaba. Makaburi mengi ni ya tangu karne ya 8 hivi. Shaba haitoki Kisale. Ilitoka huku kwetu kusini, katika vilima vyenye madini. Misalaba imekuwa mingi katika makaburi ya nyuma, tangu karne ya 14 hivi. Mwanzoni ni mikubwa, mmoja juu ya kifua. Baadaye inakuwa midogo, ya kipimo kimoja, karibu na mikono na kiuno. Ilikuwa feza. Arnot alifika Bunkeya kwa Msiri na Injili mwaka 1886 tu.

Kwa hiyo anayesema kwamba msalaba ule ni wa Golgota anasema uongo, hata kama nia yake ni njema. Na Mungu hahitaji uongo wetu. Nyoka wa shaba wa Musa (Hesabu 21) aliponyesha watu kweli, lakini walipoanza kumfukizia uvumba, mfalme Hezekia alimvunja (2 Wafalme 18:4). Hata Galilaya, ziwa la Petro na Andrea, maji yaliposhuka mwaka 1986 ndugu wawili wavuvi waliona mashua ya kale kwenye matope, yenye urefu wa metre 8 na zaidi, ya karibu na nyakati za Yesu. Hakuna awezaye kusema Bwana aliipanda. Je, imani ya nani imepungua?

Lakini wale wa neno la Shetani nao wasishangilie. Katika makaburi ya watoto kule Sanga, vyungu ni vidogo, vimefinyangwa kwa kadiri ya umri wa mtoto. Fikirini, ninyi mama: mtu alikaa chini, akafinyanga chungu cha mkono mdogo, ambacho hakitapikiwa kamwe. Paulo anaandika juu ya mataifa wasio na sheria, ambao kazi ya sheria imeandikwa mioyoni mwao (Warumi 2:14-15). Nani kati yetu atathubutu kusema moyo ule ulikuwa mtupu?

Basi mhubiri anayetaka kuhubiri habari za Kisale, aache misalaba iwe feza, ahubiri vile vyungu.