Ushindi Dhidi ya Nafsi

Kuitawala nafsi ni ushindi mkubwa kuliko ule wa vita. Hukumu hii imo katika kitabu cha Mithali, ambako mwenye kuitawala roho yake anawekwa juu ya mtekaji wa mji. Imo katika Dhammapada ya Wabuddha, inayompa aliyejishinda daraja la juu kuliko aliyewashinda maelfu vitani, na imo pia katika mafundisho ya Kitao ya China. Katika Mishna ya Wayahudi, Ben Zoma anauliza shujaa ni nani, na jibu lake ni yule anayelishinda vuguvugu la uovu ndani yake. Katika Hadithi iliyosimuliwa na Abu Huraira na kupokewa na Bukhari na Muslim, mwenye nguvu si mbabe wa mieleka bali ni yule anayejizuia hasira inapompanda.

Maneno haya hayakutoka kwa watu wasioujua upanga. Buddha alizaliwa katika tabaka la watawala na wapiganaji. Mazungumzo ya Bhagavad Gita ya Wahindu yanafanyika baina ya majeshi mawili yaliyokwisha kujipanga, na mwanafunzi wake, Arjuna, ni mpiga upinde. Paulo alipowaandikia Wakorintho, ambao jirani na mji wao mashindano ya Isthmia yalifanyika kila baada ya miaka 2, alijieleza kama mkimbiaji na mpiga ngumi anayeutiisha mwili wake. Walimu hawa waliichukua sifa ambayo jamii ilimtunukia askari wakampa mtu ambaye vita vyake havionekani. Hilo lilikuwa jambo zito, kwa kuwa liliufungua mlango wa ushujaa kwa mtumwa, mjane na mzee, watu ambao hakuna jeshi lingewaandikisha.

Hata hivyo kuna fumbo katika wazo la kujishinda, na mwanafalsafa Plato aliliona katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Anayejishinda ndiye huyo huyo aliyeshindwa; basi nani kamshinda nani? Jibu lake ni kwamba nafsi ina sehemu bora na sehemu duni, na kujitawala ni ile bora kushika hatamu. Mapokeo ya Kiislamu yanalijibu swali kwa njia nyingine. Qur'ani inataja nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu na nafsi iliyotulia, na wanazuoni wengi wamezielewa kuwa ni hali za nafsi moja iliyo safarini. Jibu hili lina matumaini zaidi, maana linayaona hata majuto kuwa hatua ya kupanda. Wabuddha wao huenda mbali kuliko wote: wanakana kwamba ndani ya mtu mna nafsi ya kudumu, hivyo ushindi wao ni kuiacha ile kani ya kung'ang'ania "mimi" na "changu".

Swali linalofuata ndilo lenye matokeo makubwa zaidi maishani: adui huyu wa ndani auawe, au afundishwe? Wapo waliojaribu kumuua, na historia ya utawa, wa Mashariki na wa Magharibi, ina mifano ya watu walioidhoofisha miili yao hadi kuiharibu. Buddha mwenyewe aliipita njia hiyo, akafunga hadi akakonda mno, kisha akaiacha. Marabi wa Kiyahudi walisema wazi kwamba lau si vuguvugu hilo hilo la ndani, mtu asingejenga nyumba, asingeoa wala asingezaa.

Aliyelichambua jambo hili kwa kina ni mwanazuoni wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111). Yeye mwenyewe alikuwa ameonja pambano hilo: mwaka 1095, akiwa mwalimu mashuhuri wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, aligundua kwamba nia ya ufundishaji wake ilichanganyika na kutafuta jina. Alisitasita kwa miezi, mwisho akaondoka. Katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din anawapinga wanaosema tabia haibadiliki: ikiwa kipanga hufugika, mbwa hufunzwa asile windo na farasi mkaidi hutii, vipi mwanadamu ashindikane? Wala hataki hasira na matamanio ving'olewe. Mtu asiye na hamu ya chakula angekufa, na asiye na hasira kabisa asingejikinga na kinachomwangamiza. Kinachotakiwa ni wastani, viwili hivyo vikitii akili.

Kauli mashuhuri inayonasibishwa na Mtume, inayoita mapambano na nafsi jihadi kubwa, ina isnadi (mlolongo wa wasimulizi) dhaifu, kama wataalamu wa Hadithi walivyobainisha. Maana yake lakini haikuachwa: mwanazuoni Ibn al-Qayyim (1292–1350) aliifanya jihadi ya nafsi kuwa msingi ambao jihadi ya nje haisimami bila yake.

Kwa nguvu za nani ushindi huu hupatikana? Katika Gita, Arjuna analalamika kwamba akili ni ngumu kuishika kama upepo. Mwalimu wake, Krishna, anakubali, na dawa anayompa ni mazoezi ya kudumu pamoja na kutoshikamana na vitu. Askofu Agostino wa Hippo (354–430) hakuridhika na mazoezi. Alistaajabu kwamba nia ikiuamrisha mkono, mkono hutii, ila ikijiamrisha yenyewe hujipinga, akahitimisha kwamba bila neema ya Mungu mtu hajiokoi. Mpinzani wake, Pelagio, alishikilia kwamba mtu anaweza kutii akitaka, na mafundisho yake yalilaaniwa na mtaguso wa Karthago mwaka 418. Hoja ya Agostino ina uzito kwa yeyote aliyeapa kuacha kitu akakirudia.

Hatari kubwa hungojea mwisho wa njia. Evagrio wa Ponto, mtawa aliyefariki mwaka 399 katika jangwa la Misri, aliorodhesha mawazo maovu 8, kuanzia ulafi hadi kiburi. Aliona kwamba majivuno hayafanani na mengine: mengine yakishindwa, ndipo hayo husogea na kumhesabia mtu fadhila zake. Kwa hiyo watawa vijana walifundishwa wasimfiche mzee wao wazo lolote, wala wasitegemee hukumu yao wenyewe. Ghazali naye anataja njia 4 za mtu kuzijua aibu zake: kukaa mbele ya shekhe mwenye basira, kuwa na rafiki mkweli, kusikiliza ndimi za maadui, kwa kuwa jicho la chuki huona ambalo la mapenzi hulifunika, na kuchanganyika na watu, ili kila anachokichukia kwao akitafute kwanza kwake.