Nimepitiwa

Katika Kiswahili tuna neno moja ambalo limewaokoa wengi na aibu. Mtu akisahau ahadi, akiacha sufuria ikaungua, au akikutana na mkwewe njiani asimsalimu, husema, "Samahani, nimepitiwa." Hasemi kwamba amekosa. Anasema kuna kitu, hakitajwi jina, kimempitia, kikaondoka na akili yake kwa kitambo, kisha kikamrudishia. Neno hili ni la upole, na aghalabu anayeambiwa hujibu, "Haidhuru." Nami nililitumia miaka mingi bila kulipima. Leo nataka kulipima, kwa sababu ilifika siku nikapitiwa mimi, na gharama akailipa mtu mwingine.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu mstaafu, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeishi katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto. Mwaka 2014 nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, chenye wanachama 28. Mwaka huo mambo yaliniandama kama siafu. Mke wangu alianguka akavunjika mfupa wa paja, akapasuliwa katika hospitali ya rufaa, na kwa matibabu yale nikaingia deni. Mama yangu mzazi naye alikuwa kitandani. Karatasi za kiinua mgongo changu zilikuwa zimerudishwa mara tatu, kila mara kwa kasoro mpya. Usiku nilikuwa nikilala saa mbili au tatu, kisha nakodoa macho darini hadi adhana ya alfajiri.

Ndipo ukungu ulipoingia kichwani. Sijui namna nyingine ya kuueleza. Nilisoma barua moja mara nne nisijue inasema nini. Nilitoka chumbani kwenda sebuleni kuchukua kitu, nikasimama katikati ya sebule kama mgeni. Majina ya wanafunzi niliowafundisha miaka saba yalikataa kuja mdomoni. Watu wakiniuliza, "Mwalimu, vipi?" nilijibu, "Mawazo tu." Hilo nalo ni jambo la kushangaza katika lugha yetu. Kuwa na wazo ni sifa, lakini kuwa na mawazo ni ugonjwa. Wazee waliolitumia neno hili hivyo walijua kitu: kwamba mtu anayewaza sana ndiye anayeshindwa kufikiri.

Siku ya Jumamosi, mke wangu aliporudishwa nyumbani, binti mmoja aliyekuwa karani wa kikundi alikuja kunikabidhi makusanyo ya wiki, shilingi 340,000, niyapeleke benki Jumatatu. Nyumba ilijaa majirani, wengine wakisaidia kumlaza mgonjwa, wengine wakipika chai. Hakuniandikisha popote. Nilikuwa nimemfundisha darasa la tano; angewezaje kumwambia mwalimu wake atie sahihi?

Jumatano wenzangu waliniuliza habari za benki. Niliwaambia sikupewa fedha. Sikuwa nasema uongo. Nilikumbuka waziwazi kwamba binti alikuja, akaniamkia, akampa pole mke wangu, akanywa chai, akaenda zake. Niliweza hata kueleza rangi ya khanga aliyojifunga. Akasema, "Mwalimu, nilikukabidhi mkononi." Nikamjibu mbele ya watu wote, "Binti yangu, usinitie katika jambo nisilolijua." Kikao kikaamua alipe. Neno la mwalimu lilikuwa na uzito kuliko la karani.

Alilipa. Aliuza cherehani yake, akatoa 200,000 za kwanza, na nyingine akaahidi kuzilipa kidogo kidogo. Kanisani na sokoni watu walianza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Baada ya miezi mitatu tulirudi hospitali kwa ajili ya kliniki. Daktari akaomba picha za eksirei za mwanzo, nami nikampa ile bahasha kubwa iliyokuwa juu ya kabati tangu siku tuliyorudi. Alipoivuta picha, bahasha ndogo ya kaki ikadondoka mezani. "Mzee," akaniuliza kwa utani, "na hii nayo ni picha?"

Sitaeleza nilivyojisikia. Nitaeleza nilivyowaza, maana hilo ndilo la aibu zaidi. Njiani kurudi, mke wangu amelala begani mwangu, mimi nilikuwa natunga sentensi. Ningeweza kusema, "Fedha zimeonekana." Zimeonekana wapi? Katika kabati la ofisi, labda. Nani aliziweka? Hajulikani. Utaona, msomaji, kwamba ni sarufi ile ile ya "nimepitiwa": jambo limetokea, wala hakuna aliyelitenda. Binti angerudishiwa fedha zake, nami ningebaki na heshima yangu. Nani angeumia?

Basi letu lilianza kupanda kutoka Mombo jioni. Anayeifahamu barabara ile anajua jinsi inavyojipinda, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande mwingine. Kabla ya kufika Soni ukungu ukatushukia, mzito kama pamba. Dereva akapunguza mwendo hadi tukawa tunakwenda kama mtu anayetembea kwa miguu. Akawasha taa. Kila kona alipiga honi. Mahali fulani alimtuma utingo ashuke, atembee mbele akimwelekeza kwa mkono. Abiria mmoja alinung'unika kwamba tunachelewa. Dereva akamjibu bila kugeuka, "Ukungu si wangu, kaka. Lakini usukani ni wangu."

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya maadili katika maisha yangu, lakini sikumbuki vizuri kama ninavyolikumbuka jibu lile.

Tuanze na sehemu ya kwanza: ukungu si wangu. Hapa sayansi iko upande wetu. Mtu mwenye hofu, mwili wake humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, kama kwamba chui yuko mlangoni. Hilo ni jema ikiwa chui yupo na utakimbia. Lakini deni si chui, huwezi kulikimbia. Basi mwili hukaa katika hali ya hatari wiki baada ya wiki, usingizi hukatika, na bila usingizi akili haiwezi kuyapanga na kuyahifadhi yaliyotokea mchana. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba mtu aweza kushika akilini kwa wakati mmoja vitu kama saba hivi tu, na watafiti waliomfuata wamesema huenda ni vichache zaidi. Fikiria meza ndogo yenye nafasi ya sahani saba. Wasiwasi ukishaweka sahani zake tano, kwa lipi utamlaumu mwenye meza kwamba chakula kingine kimeanguka?

Hata lile kumbukumbu langu la uongo halikuwa hila. Mwaka 1932 Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha kwamba tunapokumbuka hatufungui sanduku na kutoa kitu kilichohifadhiwa. Tunajenga upya, na palipo na pengo tunaziba kwa kinachofanana na kweli. Mimi niliziba kwa chai na khanga.

Kwa hiyo ukungu si dhambi. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu wengi wetu tulilelewa tukiambiwa "jikaze", na mtu aliyechoka akili huonekana mvivu au mzembe. Miaka ya themanini nilimchapa mvulana mmoja viboko vinne kwa kusahau jedwali la saba, ambalo wiki iliyopita alilisoma bila kukosea. Baadaye nikasikia kwamba baba yake alikuwa akimpiga mama yake kila usiku wiki ile nzima. Mtoto alikuja shuleni na meza iliyojaa, nami nikaongeza sahani ya nane. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi sikuuona hata huo usufi.

Sasa sehemu ya pili: usukani ni wangu. Mwanafalsafa wa Kigiriki, Aristotle, aliuliza kama mlevi aliyetenda kosa asijue alitendalo anastahili lawama. Akakumbusha kwamba watunga sheria wa zamani walimwongezea mlevi adhabu maradufu, kwa hoja kwamba chanzo kilikuwa mikononi mwake, kwani aliweza kutokunywa. Nilipojipima kwa kipimo hicho, mwanzoni nilipata nafuu. Mimi sikunywa kitu. Hakuna anayeingia baa akaagiza wasiwasi.

Lakini nafuu ile haikudumu, kwani hoja ya Aristotle ina mkia. Je, hakuna kilichokuwa mikononi mwangu? Nilijua kwamba silali. Nilijua kwamba nasahau. Juma lile lile nilikuwa nimeacha ufunguo mlangoni, upande wa nje, usiku kucha. Mke wangu alikuwa ameniambia, "Baba, wape wenzako huo mfuko wa hazina mpaka utulie." Nikakataa. Kwa nini? Kwa sababu watu wangesema Mwalimu amezeeka. Hiyo haikuwa kazi ya kotisoli. Hiyo ilikuwa kiburi, nacho nilikuwa nacho tangu zamani, kabla ya deni na kabla ya ugonjwa. Niliendesha gari kwenye ukungu kwa mwendo wa siku ya jua, ili abiria wasijue kwamba sioni.

Mtu anaweza kupinga: ukungu wenyewe humzuia mtu kujua kwamba yumo ndani yake. Ni kweli kwa kiasi, na wako waliougua kiasi hicho; hao tuwahurumie na kuwashikia usukani. Lakini wengi wetu tunaona dalili. Tunazificha tu. Na mficha maradhi, kilio humuumbua. Tofauti ni kwamba safari hii kilio kilikuwa nyumbani kwa mtu mwingine.

Siku ya pili nilikwenda kwa binti kabla ya kwenda kwa wanakikundi. Alikuwa akichambua maharage mlangoni. Akainuka. "Shikamoo, Mwalimu." Sikuweza kuitikia marahaba. Nilimwekea bahasha mkononi, nikamweleza ilipokuwa. Nikaanza kusema, "Nilipitiwa," neno likanikwama. Nikasema, "Nimekukosea."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kusahau kila mtu anasahau. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwa na uhakika."

Hayo ndiyo maneno yaliyonifanya niandike kurasa hizi. Nilikuwa nimetafuta kosa langu katika kusahau, nikajikuta sina hatia. Yeye alilionyesha mahali pake hasa. Mtu ambaye akili yake imechoka ana deni moja kwa wenzake, nalo ni shaka. Angenikuta siku ile nikisema, "Mimi sikumbuki kupokea, lakini siku hizi nasahau sana, hebu tutafute pamoja," pengine tungetafuta hadi juu ya kabati. Sentensi moja tu ingetosha. Cherehani ingebaki mahali pake.

Kikao kiliitishwa, nikasema yote. Wengine walinionea huruma, wengine hawakunisemesha kwa mwezi mzima, nami niliona wote wana haki. Fedha alizolipa zilirudishwa. Cherehani niliitafuta kwa aliyeinunua, nikaikomboa kwa bei kubwa kuliko aliyouzia, ilistahili. Binti ndiye aliyechaguliwa kuwa mweka hazina, na tangu hapo hakuna senti inayotoka mkononi hadi mkononi bila sahihi mbili, hata kama mmoja ni mwalimu wa mwenzake.

Mimi nami nilijifunza kuendesha kwenye ukungu. Nilikwenda kwanza kwa daktari, kwa kuwa si kila ukungu ni wa mawazo. Upungufu wa damu, kisukari, matatizo ya tezi ya shingo na dawa nyingine huweza kuuleta, na tangu mwaka 2020 wengi wameuona baada ya kuugua Uviko. Wangu haukuwa na chanzo kingine. Nikanunua daftari dogo la mfukoni: linaloandikwa halihitaji nafasi mezani. Nikaacha kufanya mambo mawili kwa pamoja. Nikawa natembea jioni hadi kisimani na kurudi, na saa ya kulala nikailinda kama nilivyokuwa nikilinda kengele ya shule. Na deni langu nikamwambia mdogo wangu, ambaye nilikuwa nimemficha kwa miezi. Hakulilipa, hakuwa na uwezo, lakini sahani moja iliondoka mezani.

Ukungu haukuisha siku moja. Ulipungua taratibu, kama unavyoinuka mlimani saa nne asubuhi, kwanza mti mmoja unaonekana, kisha paa la jirani. Bado hurudi, hasa nyakati za ugonjwa na misiba. Ukirudi, nawaambia wa nyumbani, "Leo sioni vizuri, nishikeni mkono." Mwanzoni kulisema kulinichoma. Siku hizi wajukuu wangu hucheka, wanakwenda kunitafutia miwani, ambayo mara nyingi iko kichwani kwangu.

Neno "nimepitiwa" sijaliacha. Ni neno la upole, na dunia ina uhaba wa upole. Nawapa wengine kwa wingi. Kwangu mwenyewe nalitumia kwa kijiko, na kabla ya kulitamka najiuliza kama siku ile niliwasha taa, na kama nilipiga honi.