Pua Huzoea, Mwili Hauzoei

  Wanangu, zimeni kompresa kidogo mnisikilize.

Nimefanya kazi ya rangi hapa Keko, Dar es Salaam, kwa zaidi ya miaka 35. Makabati, vitanda na milango niliyoipiga vanishi siwezi kuihesabu. Leo nikishika kikombe cha chai mkono unatetemeka, na mchaichai alioupanda mke wangu mlangoni siisikii tena harufu yake. Sikuja kuwakataza kazi, maana ndiyo iliyonilisha na kuwasomesha wanangu. Nimekuja kwa sababu ya neno moja ninalolisikia kila nikipita hapa: “Mzee, sisi tumeshazoea.”

Neno hilo hata mimi nililisema. Siku ya kwanza lilipofunguliwa dumu la tina mbele yangu nilitokwa machozi, kichwa kikaniwanga, nikaenda kutapika nyuma ya karakana. Fundi wangu akanipiga begani akasema, “Wiki mbili utazoea.” Kweli, wiki mbili hazikupita, harufu ikatoweka. Nikajiona nimekomaa. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba mvuke ulikuwa uleule na uliingia kifuani vilevile. Pua tu ndiyo iliyochoka kupiga kelele, ikanyamaza. Mlinzi alilala, mwizi akaendelea kuchota. Wahenga waliposema mazoea yana taabu, walituhusu sisi.

Jueni mnachovuta. Tina ni mchanganyiko wa vimiminika kama toluini, zailini na asetoni, na kazi yake ni kuyeyusha rangi na mafuta. Sasa kumbukeni kwamba ubongo na mishipa ya fahamu vimejaa mafuta. Ndiyo maana mvuke ukiingia mapafuni hupanda kichwani upesi kama pombe: kizunguzungu, ulimi mzito, kucheka pasipo na la kuchekesha. Jioni mkipigwa na upepo mnapata nafuu, mkadhani yamekwisha. Lakini ukivuta miaka na miaka, mengine hayaondoki. Unasahau ulichotumwa, unawakasirikia watoto bila sababu, mikono inacheza, na hata masikio, yanayopigwa na kelele za kompresa kutwa nzima, huharibika mapema zaidi.

Wenzetu mafundi viatu nao wasikae wakajiona wako salama. Gundi kadhaa za ngozi zina heksani, inayoharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu: huanza ganzi vidoleni, kisha mguu unakuwa mzito kuunyanyua. Petroli mnayosafishia vyuma ina benzini, na benzini husababisha saratani ya damu. Kule Istanbul, Uturuki, mwaka 1974 daktari Muzaffer Aksoy na wenzake walichapisha habari za mafundi viatu waliopata saratani hiyo baada ya kufanya kazi kwa muda mrefu na gundi zenye benzini. Nao waliamka kila asubuhi wakaenda kibandani kwao, wakafungua makopo yao kama mnavyofungua nyinyi.

Mtaniambia, “Mzee, tunakunywa maziwa.” Mimi nilikunywa nusu lita kila jioni, nikiamini yanaosha sumu. Maziwa huenda tumboni. Mvuke hupitia mapafuni, na tina yenyewe hupenya kwenye ngozi. Vyote viwili huishia kwenye damu, na maziwa hayavifuati huko. Wekeni pesa hiyo mnunue barakoa inayofaa. Ile ya kitambaa au ya karatasi hukamata vumbi la msasa tu. Mvuke hupita kama hakuna kitu. Tafuteni ile ya mpira inayobana uso, yenye vichujio vya mkaa vilivyotengenezwa kwa mvuke wa kemikali. Vichujio hivyo hujaa, kwa hiyo vibadilisheni kwa siku mlizopanga. Msingoje mpaka msikie harufu, maana mtakuwa mmemtuma yule mlinzi aliyelala.

Na barakoa isiwe kisingizio cha kujifungia. Fungueni milango ya pande mbili, pulizeni rangi pale upepo unapopita, na simameni upande unakotoka upepo. Dumu likishatumika lifunikwe. Jioni msinawe tina: inaondoa mafuta ya ngozi, ngozi inapasuka, na sumu inapata njia. Pakeni mafuta ya kula, sugueni, kisha sabuni na maji.

Sasa moto. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi. Hushuka, ukatambaa sakafuni bila kuonekana mpaka ukutane na kaa. Jioni moja tulimwaga tina tukiwa tunafunga kazi. Jiko la mama chai lilikuwa nje ya mlango, hatua zaidi ya kumi, nasi tukaona ni mbali. Moto uliwakia kule jikoni, ukarudi ndani kutufuata. Mwenzangu akanyakua ndoo ya maji akaumwagia. Tina ikaelea juu ya maji na moto ukasafiri nayo mpaka miguuni pake. Aliungua miguu yote miwili na kazi hii hakuirudia. Moto wa namna hii huzimwa kwa mchanga, au kwa mtungi wa unga au wa povu. Ndoo ya mchanga haiwashindi kuiweka mlangoni leo hii.

Mwenye kudhani nakuza mambo aikumbuke Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la petroli lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Petroli na tina ni ndugu wa tumbo moja.

Tena, msitie tina kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Akiimeza, msimtapishe, maana ikirudi inaweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali na chombo chenyewe mkononi. Na mwenzenu akianguka ndani ya tangi au chumba kilichofungwa, msimfuate mbiombio. Iteni watu, ingizeni hewa kwanza, la sivyo mtazika wawili.

Kwa mwenye karakana nina neno pia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde watu wake. Kijana akikuomba barakoa, hakuombi hisani.

Nawaachia jambo moja la kufanya. Kesho au keshokutwa ataletwa kijana mgeni hapa, kama nilivyoletwa mimi. Mtafungua dumu, naye atatokwa machozi na kushika kichwa. Msimpige begani, wala msimwambie atazoea. Simameni, fungueni milango, mtoeni nje avute hewa, nanyi tokeni naye. Siku hiyo pua yake ndiyo pekee humu ndani itakayokuwa inasema kweli.