Habari Zetu Katika Kalamu za Wengine

Twapenda kuwakumbusheni, ndugu Waislamu, jambo ambalo watu wa Mombasa na Lamu huenda wakadhani ni lao peke yao. Sivyo, limefika hata Kisumu.

Mkaazi wa Kaloleni, mjini Kisumu, akifungua gazeti kutafuta habari za Waislamu, aghalabu huzikuta siku mbili: siku ya Idi, penye picha ya watu waliosujudu, na siku ya mauaji. Baina ya siku hizo, Mwislamu mvuvi au mwenye duka karibu na ziwa, mwenye kufunga, kutoa zaka na kumpa pole jirani Mkristo aliyefiwa, hatajwi. Basi asiyetujua hutujua kwa mauaji.

Walipouawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, wauaji walijinasibisha wenyewe na dini yetu. Magazeti hayakuzua hilo. Dhuluma ni kumtaka kila mvaa kanzu ajibu kosa asilolitenda. Lakini Desemba mwaka ule ule, basi liendalo Mandera lilivamiwa karibu na El Wak, na Waislamu wakakataa kutengwa na abiria Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Magazeti yaliyaandika hayo kwa heshima. Basi tusiseme waandishi wote ni maadui, tukawatendea yale yale tunayoyalalamikia.

Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuichunguza habari kabla ya kuiamini, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Je, twaitii amri hiyo tunapopelekeana kwa simu uvumi juu ya Wakristo, au juu ya Waislamu wenzetu tusioafikiana nao?

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui hakukaa barazani akinung'unika. Mwaka 1932 alitoa gazeti la Al-Islah Mombasa, akasema na watu kwa lugha yao. Sisi tumewasomesha uandishi vijana wetu wangapi? Gazeti likikosea, mhariri na aandikiwe kwa adabu na kwa ushahidi. Likisema kweli iliyo chungu, na tujirekebishe.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kweli na masikio yenye kupima. Amin.