Jicho Lisilo na Ulimi

Mtu akitundika jicho kwenye ukuta wa nyumba yake, jicho hilo likawa linaona, na yeye mwenyewe hana njia ya kukiona linachokiona, anadaiwa nini na wanaopita mbele yake? Swali hili nimekuwa nalo kwa miezi kadhaa. Nimejaribu kulifikiri peke yake, kama wafanyavyo wanafalsafa, nikashindwa. Kila nikilishika hunirudisha kwenye kisa kilicholizaa. Basi nitakisimulia kisa, ingawa hakinipi sifa.

Kamera zetu ni mbili. Alituletea mtoto wa dada yangu anayeishi Maskati, baada ya nyumba moja ya mtaani kuvunjwa usiku. Moja inatizama mlango wetu, na ya pili inatizama kichochoro chote, pamoja na baraza wanapokaa watu baada ya sala ya isha. Waya zao huingia katika kisanduku kilicho juu ya kabati, ndani yake mna diski, na diski hiyo huandika usiku na mchana. Ikijaa, huandika juu ya yale ya zamani. Yetu hubeba kiasi cha siku 12, na cha siku ya 13 hakipatikani tena.

Mfasiri hana raha mpaka kila kitu akipe jina. Kisanduku hiki nilikiita kinasa, kwa kufuata kinasasauti tulichokizoea. Baadaye neno lenyewe likanikaa vibaya. Kunasa ni kazi ya mtego na ya ulimbo. Ndege hunaswa, samaki hunaswa, na aliyenaswa hakuombwa ridhaa. Tunalo pia neno kuhifadhi, ambalo ndani yake mna kutunza na kukinga. Niliwaza kukiita kihifadhi-picha, kisha nikaona ningekuwa nakipamba. Jina la kwanza lilikuwa la kweli zaidi.

Sasa nije kwenye ubovu wake. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa na Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Niliing'ang'ania miaka mingine kwa sababu tafsiri zangu zote zimo humo, na mimi si mtu wa kuhama upesi. Ilipokufa, fundi aliniletea nyingine yenye Windows 11. Tafsiri zilihama salama. Kamera hazikuhama. Nikiandika anwani ya kisanduku kwenye kivinjari, ukurasa hufunguka, naandika jina na neno la siri, naingia. Lakini penye picha pamekaa mraba mweusi, na chini yake maneno yanayonitaka niweke programu ndogo ya nyongeza. Naiweka. Mraba mweusi.

Sababu niliijua baadaye. Visanduku vya umri ule vilitengenezwa vionyeshe picha kwa njia iitwayo ActiveX, na kivinjari kilichoijua njia hiyo ni Internet Explorer, ambacho Microsoft walikistaafisha tarehe 15 Juni 2022. Katika Windows 11 hakimo. Kimebaki kivuli chake tu ndani ya kivinjari kipya cha Edge, ambacho lazima ukiamshe kwa mkono katika mipangilio ili kiige tabia za mzee wake. Kwa hiyo hapakuwa na kilichoharibika. Kisanduku kilikuwa kizima, waya mzima, kompyuta nzima. Aliyekufa ni mkalimani baina yao.

Hayo sikuyajua, nami hujifunza mambo kwa kuyagusa. Kurasa za mipangilio zilikuwa bado zikifunguka, nikabonyeza palipoandikwa kukirudisha kisanduku kwenye hali ya kiwandani. Diski haikufutika, namshukuru Mungu. Lakini lugha ilirudi Kichina na saa ikarudi ya Beijing, iliyo mbele ya saa yetu kwa saa tano. Lugha niliibadilisha papo hapo kwa kuwa ilinikera. Saa sikuitizama. Nikachoka, nikakiacha, na kwa wiki sita taa ya kijani ikawa inawaka juu ya kabati nami nafasiri hadithi za watu wengine chini yake.

Sehemu inayonisumbua zaidi ni wiki hizo sita, wala si siku ya fujo iliyofuata. Maana watu wa mtaa walikuwa wanaijua kamera. Barazani nilikwisha kuona watu wakipunguza sauti, na mzee mmoja alihamia upande wa pili wa ngazi ili ampe mgongo. Siku moja akaniuliza kwa utani, "Sheikh wangu, hilo jicho lako lingali zima?" Nikamjibu, "Lipo, linafanya kazi." Kwa maneno sikusema uongo. Lilikuwa likinasa. Lakini alichokuwa akiuliza ni kama kuna mtu anayeona, na nikamwacha aamini kwamba yupo, kwa sababu kuaminiwa hivyo kulinilinda bila ya kunigharimu.

Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Kiingereza, alichapisha mwaka 1791 mchoro wa jela ya duara aliyoipa jina Panopticon, wazo alilolichukua kwa ndugu yake Samuel aliyekuwa akifanya kazi Urusi. Mlinzi anakaa katika mnara wa katikati, anaviona vyumba vyote, na mfungwa haoni kama mnarani mna mtu au hamna. Ufundi wake umo humo: mnara mtupu unafanya kazi sawasawa na mnara wenye mlinzi. Nilipousoma zamani niliuona ni ukatili wa watu wa mbali. Sikudhani kwamba ningekuja kuujenga juu ya kabati.

Na nimejenga wapi? Katika mji ambao kuta zake zilijengwa kwa adabu ya macho. Atakayetembelea nyumba kongwe za Lamu au za hapa petu ataona kwamba daka haliendi moja kwa moja hadi ndani. Njia hupinda, na apitaye nje, hata mlango ukiwa wazi, hukutana na ukuta. Hodi yenyewe ni ruhusa ya jicho kabla ya kuwa ruhusa ya mguu. Aya ya 12 ya Sura ya Al-Hujurat imekataza kupelelezana. Wazee wetu waliyakusanya yote hayo katika neno moja, stara, na sijapata kulifasiri neno hilo kwa lugha yoyote bila ya kulipunguza. Wengine watasema mwizi naye hustirika na stara hiyo. Ni kweli, na nyumba ile ya mtaani ilivunjwa kweli. Sisemi kamera isiwepo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Jirani yetu, bibi mtu mzima anayetupikia maandazi mtaa mzima, aliingia ndani kusali magharibi akauacha mtungi wake mdogo wa gesi dakani. Alipotoka haukuwepo. Akaja kwangu.

"Baba, nitizamie kwenye kamera yako."

Ikanibidi nimwambie kwamba tangu nibadilishe kompyuta sijaona kitu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe muda wote huu jicho lile linatutizama bure?" Sikuwa na jawabu, na mpaka leo sinalo.

Alikwisha kumtuhumu kijana anayepitisha mikate. Hakuwa na dalili ila kwamba kijana si wa mtaa wetu. Vijana wa nyumbani wakamwita fundi, naye akashauri diski itolewe kisandukuni na kuchomekwa kwenye kompyuta. Ikachomekwa, na kompyuta ikauliza kama tunataka diski hiyo iandaliwe kwa matumizi. Fundi alikwisha kuipeleka mshale kwenye ndiyo. Mimi, kwa mazoea ya kazi yangu ya kutoliamini neno kabla ya kulisoma mara mbili, nikamzuia. Kompyuta haikuujua mwandiko wa kisanduku, ikaidhani diski ni mpya. Ndiyo yetu ingeifanya iwe mpya kweli, na siku zote 12 zingepotea. Tukairudisha mahali pake. Dawa ilikuwa waya mmoja wa HDMI kutoka kisandukuni hadi kwenye televisheni, bila ya kompyuta yoyote kati. Dhiraa mbili za waya, na mimi wiki sita!

Picha ikaja, na ukumbini tulikuwa watu tisa. Tukaanza kuitafuta jioni ya Jumanne, na katika kuitafuta tuliyaona mengine ambayo hayakuwa yetu kuyaona, ya watu tunaoamkiana nao kila asubuhi. Sitayaandika. Kisha, penye tarakimu za 19:12, tukamwona kijana wa mikate akiingia dakani kwa bibi na kutoka na gunia begani. "Huyo!" wakasema vijana, na wawili wakatoka mbio.

Aliyebaki kutizama sawasawa alikuwa mjukuu wangu wa miaka minane. "Babu," akasema, "mbona kuna jua?"

Kulikuwa na jua. Kuta zilikuwa na rangi zake, na gizani kamera hii hurejea picha nyeupe na nyeusi. Kivuli cha kijana kilikuwa kifupi miguuni pake. Hapo ndipo nilipoikumbuka saa ya Beijing. Nilitoa saa tano, nikapata 14:12, kisha nikatoa zile sita zinazoitenganisha saa ya mashine na hesabu yetu, nikapata saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Bibi mwenyewe alikuwa amechemsha chai kwa mtungi ule saa kumi. Gunia lilikuwa la mikate. Tukaenda penye magharibi ya kweli, yaani karibu na saa sita usiku kwa saa ya kisanduku, tukakuta umeme ulikatika. Picha inakoma hapo na kuanza tena umeme uliporudi. Wakati wa wizi haumo kabisa.

Vijana wetu walikuwa wamekwisha kumpata sokoni, wakamwaga gunia lake mbele za watu.

Kuna kesi moja ya Ulaya ambayo nimeisoma mara nyingi tangu siku ile. Bwana František Ryneš wa Jamhuri ya Kicheki, baada ya familia yake kushambuliwa na madirisha yao kuvunjwa miaka kadhaa, alitundika kamera mwaka 2007 iliyotizama mlango wake, njia ya mbele na mlango wa nyumba ya pili. Haikuwa na kioo cha kutizamia. Ilinasa kwenye diski, na diski ikijaa iliandika juu ya ya zamani. Siku chache tu, dirisha likavunjwa tena kwa manati, picha zikafikishwa polisi, na mmoja wa watuhumiwa akataka ithibitishwe kama kamera ile ilikuwa halali. Tarehe 11 Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera inayofika njia ya umma haiwezi kuhesabiwa kuwa ni shughuli ya nyumbani tu. Mahakama haikumnyima bwana yule haki ya kujilinda; ilisema maslahi yake nayo yatizamwe. Ilichokataa ni kwamba jambo hilo ni lake peke yake.

Nakubaliana nayo, na ningeongeza kitu ambacho mahakama haikuulizwa. Shahidi wa barazani huulizwa: ulisimama wapi, palikuwa na mwanga, saa ngapi, una ugomvi naye? Kisanduku hakiulizwi, hutoa tarakimu na watu hukimbia nazo. Kwa kuwa chenyewe hakina ulimi, anayepaswa kuulizwa ni aliyekitundika, na amewajibika tangu siku ya kukitundika. Kujua saa yake ni wajibu wangu. Kuwaambia jirani kwamba sioni, siku nisizoona, ni wajibu wangu vilevile. Rafiki yangu mmoja anasema huu ni mzigo mkubwa mno kwa mtu aliyetaka kulinda mlango wake tu. Labda. Kinachonitia shaka ni lile "tu".

Saa nimeirekebisha. Kivuli cha kivinjari cha zamani nimekiamsha, na picha sasa inaonekana kwenye kompyuta. Kamera ya pili nimeigeuza iache baraza, na pembe iliyobaki na daka la bibi nimeifunika kwa kiraka cheusi, ambacho kumbe kilikuwemo katika mipangilio tangu siku ya kwanza. Mzee wa ngazini nimemweleza yote. Alicheka, lakini hajarudi upande wake wa zamani.

Mtungi haukupatikana. Kwa kijana nilikwenda mwenyewe, na thamani ya mikate mkononi. Alizipokea fedha, akazihesabu, akasema, "Yamekwisha, mzee." Mikate sasa tunaifuata dukani, kwa kuwa hapiti tena katika kichochoro chetu.