Mchagua Jembe na Taa za Ziwani

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii naisikia tangu shule ya msingi, na kawaida tunaitumia kumcheka mvivu, yule anayeshinda dukani akipima mipini huku mvua za kwanza zinampita. Siku hizi naitilia shaka. Sisemi ni ya uongo. Ila naona inamtazama mchaguaji peke yake, kana kwamba jembe lake halimgusi mtu mwingine.

Kilichonichokoza ni gofu. Ndiyo, gofu. Mimi ni mtoto wa Ujiji, kwetu mchezo wa watu ni kandanda, na gofu nimeijua ukubwani kwa sababu ya kazi. Mwandishi wa habari ukipangiwa kwenda Lugalo, Dar es Salaam, kuripoti mashindano, unakwenda. Huko nikapata rafiki, mhasibu mmoja, ambaye mwaka mzima alikuwa akilalamikia fimbo yake ya kumalizia, ile inayotumika mpira ukishafika kwenye nyasi fupi karibu na shimo. Siku moja akanitumia picha za fimbo tatu mpya pamoja na bei zake, bei ambazo kwetu zinanunua mbuzi kadhaa, akauliza: "Hivi kaka, nikinunua hii nitakuwa mchezaji bora, au nitakuwa mchezaji yule yule mwenye fimbo nzuri?"

Swali hilo halina utani ndani yake. Piga hesabu. Uwanja wa mashimo 18 wenye kiwango cha mapigo 72 umepangiwa mapigo mawili ya kumalizia kwa kila shimo, yaani 36. Ni nusu ya kiwango chote. Kwa hiyo anayehangaika na fimbo hiyo hahangaiki na urembo. Na kuichagua kuna elimu yake. Nyingi zina urefu wa inchi 33 hadi 35, na inayokufaa ni ile inayokuruhusu kuinama macho yakawa juu ya mpira bila mgongo kuteseka. Ziko zenye kichwa chembamba kama kisu. Ziko zenye kichwa kipana, uzito umesukumwa pembeni, ili ukigonga mpira nje ya katikati kichwa kisizunguke sana mkononi. Kisha kuna jambo la mizani: ukiilaza fimbo juu ya kidole, kuna ambayo uso wake unatazama juu, nayo humfaa mtu ambaye mkono wake unakwenda na kurudi kwa mstari ulionyooka; na kuna ambayo ncha yake inaning'inia, humfaa ambaye mkono wake unachora upinde.

Sasa angalia hapo. Huwezi kuchagua kati ya hizo mbili bila kwanza kujua mkono wako unafanya nini. Rafiki yangu alikuwa na mkono wa upinde na fimbo ya mstari, na hakujua mpaka mtu alipomsimamia pembeni akamtazama akipiga mpira mmoja baada ya mwingine. Kumbe kuchagua vizuri ni namna ya kujichunguza. Anayesema "yoyote tu, nipe hiyo" anaonekana mnyenyekevu, lakini mara nyingi ni mtu asiyetaka kutazamwa.

Mama yangu, ambaye kalima mihogo na maharage maisha yake yote, akienda sokoni Mwanga kununua jembe hulinyanyua, huligonga, husikiliza, halafu huchukua jingine. Hakuna aliyewahi kumwambia si mkulima. Huyo ndiye mkulima. Asiyejua kulima ndiye anayeona majembe yote ni sawa.

Historia ya hiyo fimbo nayo inamtetea mchaguaji. Karsten Solheim alikuwa mhandisi wa General Electric huko Marekani, na katika kumalizia alikuwa akikosa kama watu wengine. Badala ya kujilaumu tu, akajiuliza kwa nini kichwa cha fimbo kinazunguka mpira ukiguswa pembeni, akahamishia uzito kwenye ncha zote mbili. Fimbo yake ya 1959 ilitoa mlio kila ilipogonga mpira, na mlio huo ndio uliozaa jina la kampuni yake, Ping. Hebu mwambie huyo kwamba mchagua jembe si mkulima.

Lakini, na hapa methali inapata pumzi, upo mpaka ambao ukiuvuka watu huanza kunong'ona kwamba sasa anayecheza ni fimbo. Mwaka 1904 Mmarekani Walter Travis alikwenda Uingereza, Sandwich, na mapigo yake ya kumalizia yakawa mabaya. Mwenzake akamwazima fimbo iliyoitwa Schenectady, ambayo mpini wake uliingia katikati ya kichwa, siyo mwishoni kama zilivyozoeleka. Akatwaa ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza. Mwaka 1910 wakubwa wa mchezo huko St Andrews wakapiga marufuku fimbo za aina hiyo; Wamarekani wakaendelea nazo. Baadaye ikaja mtindo wa kuegemeza fimbo ndefu tumboni au kifuani ili mikono isitetemeke. Keegan Bradley akashinda ubingwa wa PGA mwaka 2011 kwa mtindo huo, na kuanzia Januari 1, 2016 mtindo wenyewe ukakatazwa duniani kote. Waliokataza walikuwa na hoja: mtetemo wa mikono ni sehemu ya mtihani. Ukiuondoa, umeondoa mtihani.

Unaweza kubisha, na mimi nabisha kidogo. Miwani nayo huondoa sehemu ya mtihani. Ila tuache hayo, kwa sababu nilipokuwa bado namwandikia jibu rafiki yangu, baba mdogo alipiga simu kutoka Kibirizi.

Baba mdogo ni mvuvi wa dagaa. Ana kipe, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, wavu unashushwa katikati chini ya taa, dagaa wakishajaa unavutwa juu. Alikuwa amepata mkopo kwenye kikundi chao na alitaka ushauri wangu, "wewe msomi," kuhusu taa za betri zinazochajiwa kwa sola. Anunue zipi, na ngapi? Jirani yake ameongeza, na tangu aongeze, baba mdogo anasema dagaa wanamkimbilia yule.

Ni swali lile lile la Lugalo, ila limevaa kandambili.

Na ni swali la zamani Tanganyika. Wazee walivua kwa lusenga, wavu wa mkono, huku moto wa kuni ukiwaka mbele ya mtumbwi. Dagaa huufuata mwanga, na migebuka huwafuata dagaa. Ndiyo maana usiku wa mbalamwezi mvuvi analala nyumbani: mwezi umemharibia soko la taa yake. Kisha zikaja karabai, unapiga pampu, zinavuma usiku kucha na kunywa mafuta ya taa kwa bei inayouma. Sasa zimekuja hizi za betri, hazivumi, hazinywi mafuta, hazizimiki kwa mvua. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa ya busara. Hakuna hata mmoja katika mlolongo huo ambaye ningemwita mvivu. Ningekuwa mimi kwenye kuni, ningeitaka karabai.

Tofauti na gofu ni hii. Rafiki yangu akitumbukiza mpira shimoni, shimo linabaki pale pale kwa anayemfuata. Hakulipunguza. Baba mdogo akiwavuta dagaa kwa taa yake, wapo waliokuwa wanaelekea kwa mwingine. Na jirani akijibu kwa taa zaidi, na yule wa tatu naye, mwisho wa mwezi wote wamelipa madeni ya taa na mgawo umerudi ulipokuwa. Taa hazizai dagaa. Ziwa lina kina cha zaidi ya mita 1,400, la pili duniani baada ya Baikal, na mtu akisimama ufukweni ni rahisi kudhani halina mwisho. Lakini mwaka 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba maji ya juu yamepata joto, upepo umepungua, na rutuba iliyoko chini haipandi tena kama zamani. Wakakadiria kuwa uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Mjadala wa kiasi gani ni joto na kiasi gani ni mikono yetu haujaisha. Baba mdogo hauhitaji huo mjadala, anaona tenga lake.

Serikali imejaribu. Makokoro yamekatazwa, vyandarua kuvulia vimekatazwa, na kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 uvuvi upande wetu wa ziwa ulisimamishwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Naunga mkono, tena bila kusitasita. Lakini tusidanganyane kwamba kupumzika ni sawa kwa wote. Mwenye vipe vitano ana akiba ya kungojea. Kijana anayelipwa kwa kugawana samaki wa usiku ule hana, na mama anayewaanika dagaa pale Katonga hana. Kwa hiyo swali la chombo linageuka kuwa swali la nani anaweza kumudu kukiweka chini.

Nilimwambia rafiki yangu anunue ile ya upinde, na afanye mazoezi ya umbali, maana fimbo haijui shimo liko mbali kiasi gani. Amenunua. Anaendelea kukosa, ila sasa anakosa pande zote mbili, jambo ambalo anasema ni maendeleo.

Kwa baba mdogo nilishindwa kuwa mwepesi hivyo. Nilimuuliza itakuwaje jirani akiongeza tena.

"Na mimi nitaongeza," akasema.

"Mpaka lini, baba?"

"Nikiacha mimi, mwanangu, wataacha wao?"

Hoja hiyo inachukiza vitabuni, lakini jaribu kuijibu ukiwa unaongea na mtu ambaye ada ya mtoto wake inatoka kwenye wavu. Kumwambia ajizuie peke yake ni kumwambia afunge ili wengine wale. Mimi sina haki hiyo. Ninayo, nadhani, haki ya kumwambia kwamba taa anayoichagua imeshawachagulia na wengine. Kwamba uamuzi huu haufanywi dukani, unafanywa mwaloni, na wote wakiwepo.

Basi nikamsimulia jambo moja la gofu ambalo lilimfurahisha kuliko yote. Mchezaji haruhusiwi kubeba zaidi ya fimbo 14. Sheria hiyo ililetwa mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa sababu watu walikuwa wanajaza mifuko mpaka wabebaji wanalemewa. Chagua unavyotaka, ya bei yoyote, lakini 14. Ukigundua umezidisha, unajitaja mwenyewe na unaongezewa mapigo ya adhabu.

Baba mdogo akacheka sana. Kisha akanyamaza, nikasikia upepo kwenye simu.

"Unajitaja mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Hawa wa kwetu hawatajitaja." Akafikiri. "Lakini taa si fimbo, haikai mfukoni. Usiku wa giza ukipanda juu ya kilima, unaona kila kipe kilipo. Kama tungekubaliana idadi, hata mtoto angeweza kuzihesabu."

Nikamuuliza kama atalisema hilo kwenye kikao cha mwalo. Akasema kikao ni Jumamosi, na kwamba kwa sasa atanunua taa mbili badala ya sita, aone jirani atafanya nini.