Je, Kompyuta Kuukuu Ivishwe Vazi Jipya?



Siku hizi vijana wetu wametuletea swali ambalo tulidhani ni la mafundi tu, kumbe ni la dhamiri. Kompyuta ya ofisi ya kanisa, tuliyoinunua Kampala ikiwa imekwisha kutumika, bado inawaka, inaandika barua na kutayarisha gazeti hili. Lakini ilikuwa ikiendeshwa na Windows 10, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipatia matengenezo ya kawaida ya usalama. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ya karibuni. Kwa zile za Intel, karibu zote ni kuanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Yetu ni ya zamani kuliko hapo. Mafundi wanajua njia ya kulikwepa sharti hilo. Je, tuikwepe, au ni kosa?

Wako waliojibu upesi. Mmoja alisema, "Mwenye kuitengeneza amekataa, basi tutii." Mwingine akasema, "Mashine ni yetu, tumeilipia, nani atuzuie?" Tuwapime wote wawili.

Wa kwanza anachanganya kutoweza na kutoahidiwa. Mashine nyingi zilizokataliwa zina nguvu ya kuiendesha Windows 11. Microsoft wenyewe wanaonya kwamba atakayeiweka huko hana ahadi ya kupata masasisho. Kutoahidiwa si kushindwa. Sisi tuliokimbia makwetu tunaijua tofauti hiyo. Ni wangapi kati yetu walikuwa walimu na wauguzi, na vyeti vyao vikabaki nyumbani? Aliyekosa cheti si aliyekosa elimu. Basi tusiwe wepesi kusema kwamba kilichokosa kibali kimekwisha kazi.

Tena kutupa nako kuna gharama. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilitangaza kuzuia kompyuta zilizotumika zisiingizwe nchini, kwa hofu ya taka. Na tarehe 10 Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, karibu na Kampala, liliporomoka na kufukia nyumba; watu zaidi ya 30 walikufa. Hatusemi kwamba kompyuta ndizo zilizowaua. Tunasema kwamba kitu tukikitupa hakitoweki. Mara nyingi kinakwenda kukaa karibu na mlango wa maskini.

Lakini wa pili naye asishangilie. Mashine ni yetu, kweli, ila yaliyomo ndani si yetu peke yetu. Mna majina ya familia, vijiji walikotoka, namba za simu, barua za wajane. Wamo waliokimbia kwa sababu jina lao lilionekana kwenye orodha. Kompyuta isiyopata matengenezo ya usalama, ikiunganishwa na intaneti, ni kama nyumba yenye kufuli bovu. Mwizi akiingia, atakayeumia kwanza si mchungaji, bali yule mama aliyetuamini. Hapo ndipo tulipopata kipimo: anayeamua kujihatarisha awe ndiye atakayelipa, na kama atakayelipa ni mwingine, aulizwe kwanza.

Mzee mmoja alitukumbusha neno la Bwana juu ya divai mpya na viriba vikuukuu. Alikumbusha vema. Lakini tukilisoma katika Mathayo, tunaona kwamba shabaha ni kuviokoa vyote viwili, divai na kiriba.

Basi tumeshika njia ya tatu. Iko Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, ambayo mtu huipata kwa halali bila malipo. Aina yake moja, Ubuntu, ilitoka mwaka 2004. Jina lake ni la Kibantu, maana yake utu. Ziko aina nyepesi zinazofaa mashine za zamani na zinazopata masasisho. Tumeweka moja. Haikuja bila taabu: vijana wanajifunza upya, na programu kadhaa tulizozizoea hazikubali. Orodha ya majina tumeitoa kabisa. Iko katika daftari lililofungiwa kabatini.

Kwa yule ambaye kompyuta ni yake peke yake na haina siri ya mtu, hatumhukumu akilikwepa lile sharti. Ila asinunue nakala ya wizi. Na siku atakapoiuza, amweleze mnunuzi wazi jinsi ilivyo. Kuikwepa programu ni jambo moja. Kumficha jirani ni jambo lingine.

Wapendwa, kabla ya kutupa au kulazimisha kitu, tuulize: nani ataumia tukikosea? Mungu atupe hekima.